MTOTO WA MTEMI NA MTOTO WA MPAGAZI

Kila unapofika wakati wa kuchagua viongozi, swali moja hutangulia mengine yote barazani: Huyu ni mtoto wa nani? Wako waulizao kwa heshima, wakitaka kusikia jina la ukoo mkubwa ili mioyo yao itulie. Wako waulizao kwa hasira, wakitaka kusikia jina hilo hilo ili wapate sababu ya kumkataa mtu. Na siku hizi wako wagombea ambao hawangoji kuulizwa. Husimama jukwaani na kutuambia kwamba walikwenda shule pekupeku, kana kwamba nyayo zilizopasuka ni cheti cha uongozi.

Sisi huku Unyanyembe twaona kwamba swali hili lafaa kuulizwa. Lakini twaona pia kwamba huulizwa vibaya, na wanaofaidika kwa kuulizwa vibaya si wananchi.

Twende kwanza Kwihara, mwendo mfupi tu kutoka mjini Tabora. Hapo pana tembe ambalo wageni huletwa kulitazama, kwa kuwa mwaka 1872 walikaa Kwihara Wazungu wawili, Stanley na Livingstone. Walifika pamoja mwezi wa Februari wakitoka Ujiji. Stanley akaondoka Machi kwenda pwani, na Livingstone akabaki mpaka Agosti akiwangojea wapagazi. Wageni wakiisha kupiga picha hupanda magari yao wakaenda zao. Ni wachache waulizao Wazungu hao walikuwa watoto wa nani.

Basi sisi twauliza. Livingstone aliingizwa kazini katika kiwanda cha pamba huko Blantyre, Scotland, akiwa mtoto wa miaka 10. Stanley jina lake la kuzaliwa lilikuwa John Rowlands, naye alilelewa katika nyumba ya maskini huko Wales, mahali walipotupwa watoto wasio na wa kuwatunza. Huko kwao walikuwa watu wa chini kabisa. Walipofika hapa, ngozi yao iliwatangulia njiani na kuwatandikia mkeka. Mtoto wa kiwandani akawa bwana mkubwa, na aliyembebea mzigo, hata kama kwao alikuwa mtoto wa mtemi, akawa "boi".

Mizigo yenyewe ilikuwa mizito. Mnyamwezi alibeba kama frasila 2, yaani ratli 70 hivi, kutoka hapa mpaka Bagamoyo, safari ya miezi. Wapagazi wetu hawakuwa watumwa, kama wengine wanavyodhani. Wengi walikuwa watu huru waliopatana ujira wao na kugoma walipodhulumiwa. Na Livingstone alipokufa mwaka 1873, watu wake, akina Susi na Chuma, waliubeba mwili wake mpaka Unyanyembe. Hapo Oktoba walimkuta Mwingereza Cameron, naye akawashauri wamzike papa hapa. Wakakataa. Wakaendelea mpaka pwani. Hayo ndiyo maamuzi ya uongozi, nayo yalitolewa na watu ambao hakuna aliyeuliza baba zao ni akina nani.

Lakini tusiseme habari za Wazungu peke yao, maana hapo itakuwa rahisi mno kwetu. Matembe ya Kwihara yalikuwa ya Waarabu wafanya biashara ya pembe na watumwa, nao hawakukaa hapa kwa nguvu za bunduki tu. Muhammed bin Juma, baba yake Tippu Tip, alimwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira wa kwanza. Ndoa ile ilikuwa mlango wa mali. Alipokuja Mtemi Mnywa Sele akataka kuwatoza ushuru wafanya biashara hao, walimpiga vita, wakamtoa, na mahali pake wakamweka Mkasiwa, aliyewafaa zaidi. Mnywa Sele alikuwa wa ukoo wa kitemi na Mkasiwa alikuwa wa ukoo wa kitemi. Damu ilikuwa moja. Tofauti ilikuwa hii: mmoja alikuwa na deni kwa matajiri na mwingine hakuwa nalo.

Msomaji atukumbuke kwa neno hilo la deni, maana tutalirudia.

Sasa tuje kwenye shule. Mwaka 1925 Waingereza walifungua shule ya Serikali hapa Tabora kwa ajili ya watoto wa machifu. Shabaha yao haikufichwa. Walitaka kutawala kwa mikono ya machifu, na mikono hiyo walitaka ijue kusoma na kuandika. Mtoto wa mpagazi hakuwamo katika hesabu ile. Baadaye mlango ulifunguliwa kidogo kwa wenye akili waliofaulu mitihani, na katika miaka ya baadaye utaona majina ambayo kila Mtanzania ayajua. Mwaka 1937 aliingia Julius Nyerere, mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki. Abdallah Fundikira, wa nyumba ya kitemi ya hapa Unyanyembe, alisoma hapo, kisha Makerere, kisha Cambridge. Rashidi Kawawa alisoma hapo, naye baba yake alikuwa mwindaji wa tembo. Oscar Kambona naye alipita hapo, mtoto wa kasisi wa Kianglikana.

Angalieni mambo yalivyokwenda. Mkoloni alijenga shule ili apate machifu watiifu, akapata watu waliomwondoa. Lakini lazima tuseme ukweli wote. Kama Burito asingekuwa chifu, je, yule mtoto aliyekuwa akichunga mbuzi Butiama angepelekwa Mwisenge mwaka 1934, akiwa na miaka 12? Burito alikuwa na wake 22, wala mtoto wake huyo hakulelewa katika jumba la anasa. Hata hivyo jina la chifu lilikuwa tikiti. Watoto wengi wa Uzanaki wenye akili kama yake walibaki na mbuzi wao, na hatutawajua kamwe. Twasema hivyo bila kumvunjia Mwalimu heshima.

Na tikiti hiyo ilikuwa ikikatwa juu kabisa. Mwaka 1945 Waafrika walipoingizwa mara ya kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, waliingizwa wawili, Kidaha Makwaia na Abdiel Shangali, na wote wawili walikuwa machifu.

Tena haukupita muda, Tabora ikajaribiwa. Januari 1958 TANU ilifanya mkutano wake hapa kuamua kama chama kiingie katika uchaguzi wa kura tatu. Kila mpiga kura alitakiwa amchague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mhindi mmoja, kana kwamba makundi hayo yalikuwa sawa kwa hesabu. Si hivyo tu. Mpiga kura mwenyewe alitakiwa awe na kipato, au masomo, au cheo cha namna fulani. Katika nchi yenye watu zaidi ya milioni 8, walioandikishwa hawakufikia laki moja. Rangi ilibaguliwa waziwazi kwenye karatasi ya kura. Tabaka lilibaguliwa kimya kimya kwenye daftari la kujiandikisha. Wachukuzi wa bandarini, wauza samaki, akina mama waliouza kadi za chama nyumba kwa nyumba, wengi wao hawakuweza kupigia kura chama walichokijenga wenyewe.

Mkutano uliamua kuingia. Bw. Zuberi Mtemvu alitoka kwa hasira akaanzisha chama chake. Historia imeuita uamuzi ule wa busara, nasi hatubishi, maana wagombea waliosimama kwa msaada wa TANU walishinda. Lakini uchungu wa waliobaki nje ya daftari ulikuwa wa haki, na haifai kuufunika kwa shangwe.

Jibu la wananchi lilikuja kwa vitendo. Mwaka 1965, kura ilipokuwa ya kila mtu mzima, watu wa Dar es Salaam walimrudisha Bungeni Derek Bryceson, Mzungu mlowezi, na watu wa Morogoro wakampeleka Amir Jamal, Mhindi mzaliwa wa Mwanza. Katika uchaguzi huo huo Waziri wa Fedha, Bw. Paul Bomani, aliangushwa kwao Mwanza. Ati Mwafrika hawezi kupiga kura ila kwa rangi? Watu wale walimpima kila mmoja kwa kazi yake, na wengi wao hawakujua kusoma.

Kwa habari za machifu, mambo yalikwisha mapema. Mwaka 1963 Serikali iliondoa madaraka yao. Mwaka huo huo Bw. Fundikira alijiuzulu uwaziri. Sisi huku twaikumbuka enzi ile kwa njia moja ya ajabu: utemi uliondolewa lakini neno lake likapandishwa cheo. Nyumba ya mkuu wa nchi yaitwa Ikulu, nalo ni neno la huku kwetu, nyumba ya mtemi. Kwikuru, makao ya Mkasiwa, jirani ya Kwihara, ni neno lilo hilo.

Tena watemi wapya hawakukawia kutokea. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana kupinga utumishi wa Jeshi la Kujenga Taifa na makato ya mshahara. Hawa hawakuwa watoto wa machifu. Wengi walikuwa watoto wa wakulima, waliosomeshwa kwa jasho la wakulima. Mwalimu aliwarudisha makwao karibu 400, naye akajipunguzia mshahara wake kwa asilimia 20. Miezi minne haikutimia, Februari 1967 likaja Azimio la Arusha, lililomkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, kuwa na hisa katika makampuni, au kuwa na nyumba za kupangisha.

Kanuni ile twaisifu, lakini hapa tuna neno. Bibi Titi Mohamed, aliyeishia darasa la nne na ambaye sauti yake iliwaita maelfu ya wanawake katika TANU, aliipinga kanuni ya nyumba. Wengi walimwona mroho. Sisi twaona jambo jingine. Aliyesoma Makerere akistaafu ana pensheni na rafiki zake maofisini. Mwanamke wa mjini asiye na cheti, nyumba ya vyumba sita ndiyo pensheni yake. Sheria iliyo sawa kwa wote haikuwaumiza wote sawasawa. Mwaka 1991 masharti yale yalilegezwa kule Zanzibar, na waliopata nafuu hasa hawakuwa akina mama wenye vyumba sita.

Leo je? Zanzibar ilimpata Amani Karume mwaka 2000 na Hussein Mwinyi mwaka 2020, wote watoto wa Marais. Kenya, mwaka 2013, mtoto wa Jomo Kenyatta alishindana na mtoto wa Jaramogi Oginga Odinga. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, huko Kongo, Kabila mwana alimfuata Kabila baba mwaka 2001, na mwaka 2019 akampisha mtoto wa Étienne Tshisekedi. Hatusemi kwamba mtoto wa kiongozi azuiwe. Ana haki yake kama raia mwingine yeyote. Twasema kwamba ameanza safari akiwa amekwisha kufika Tabora, na mwenzake bado anafunga mzigo Bagamoyo.

Lakini jihadharini na dawa ya kinyume. Mwaka 2022 Bw. William Ruto alishinda Kenya akijiita "hasla", mtoto wa maskini aliyeuza kuku kando ya barabara. Kuku aliwauza, hatukatai. Ila alipoyasema hayo alikuwa amekaa miaka 9 katika kiti cha Naibu Rais, naye ni tajiri mkubwa. Umaskini wa utotoni ni kama mtoto wa kiwandani wa Blantyre: wakati umekwisha kumfikisha mtu juu, hautuambii tena atawatendeaje walio chini.

Ndiyo maana twarudi kwenye lile deni. Swali la "mtoto wa nani" lifuatwe na lingine: mdeni wa nani? Aliyemlipia mgombea mafuta, fulana, pilau na usafiri wa wajumbe atakuja kudai, kama walivyodai wenye matembe kwa Mkasiwa. Tangu mwaka 1995 sheria yamtaka kiongozi wa umma apeleke tamko la mali yake kwa Sekretarieti ya Maadili. Vema. Lakini tamko hilo halitundikwi ukutani pa ofisi ya kata, ambapo mkulima wa tumbaku wa Sikonge angelisoma akiwa amesimama. Sisi twataka litundikwe. Twataka pia majina ya waliochangia kampeni yatundikwe pembeni yake, na kiasi cha kila mmoja.

Na jambo la shule. Ada zimeondolewa katika shule za Serikali, za msingi tangu mwaka 2001 na za sekondari mpaka kidato cha nne tangu mwaka 2016. Hilo ni jambo kubwa, wala hatutalidharau. Lakini kiongozi ambaye watoto wake wote wako katika shule za kulipia hukaa mbali na dawati lililovunjika kama vile Mwingereza alivyokaa mbali na mtoto wa mpagazi mwaka 1925. Yafaa aulizwe hadharani, kwa adabu, na ajibu: Watoto wako wasoma wapi, Mheshimiwa?

Wasomaji wetu wa Kwihara, Itetemia, Urambo, Nzega na kwingineko, muulizeni mgombea wenu maswali hayo akija. Andikeni swali, andikeni na jibu lake kama alivyolisema, mtaje na kata yenu. Barua zitakazotufikia kabla ya Jumamosi tutazichapa katika toleo lijalo. Na ikiwa alikataa kujibu, andikeni hivyo pia.