Fungate ya Mbali na Siku Saba Tulizozipoteza

Siku hizi si ajabu kumsikia kijana wa Maswa anayejiandaa kuoa akizungumzia fungate ya kwenda mbali. Hazungumzii Zanzibar, wala Serengeti iliyo jirani yake, bali Norwei, Finland au Iceland, huko kwenye theluji, ambako wenza watakaa wiki tatu au mwezi wakitazama mianga ya kaskazini ikicheza angani usiku. Wazee wakisikia hucheka. Wakosoaji wetu wa mitandaoni huliita jambo hilo ulimbukeni, wakauliza mtoto wa mkulima wa pamba anakwenda kutafuta nini mahali ambapo, kama Tromsø, jua halichomozi kabisa kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari.

Swali hilo ni zuri, ila huulizwa kwa kejeli na kwa hiyo halijibiwi. Naomba nilijibu kwa dhati. Naamini kijana huyo hatafuti baridi. Anatafuta muda. Anataka siku kadhaa za kukaa na mwenzake pasipo simu ya mkuu wa idara, pasipo ndugu wanaobisha hodi alfajiri, pasipo kamati ya harusi inayodai hesabu. Ameona kwamba hapa nyumbani muda huo hautolewi na yeyote, ndipo akaamua kuununua, na kwake bei yake ni umbali. Kosa letu sisi tunaocheka ni kwamba tumesahau kuwa muda huo ulikuwa ukitolewa bure.

Neno lenyewe ni shahidi. Katika Kiswahili cha zamani, mfungate ni saba, na Wagiriama wa pwani ya Kenya hadi leo huhesabu fungahe wanapofika saba. Fungate, basi, ni siku saba. Katika mila ya Waswahili, bwana harusi aliingia nyumbani kwa bibi harusi na wawili hao wakakaa ndani kwa siku hizo. Chakula kililetwa, maji ya kuoga yaliandaliwa, somo alikuwa karibu kwa ushauri, na hakuna aliyethubutu kumwita bwana harusi shambani au chomboni. Huku Usukumani jina hilo halikuwa letu. Ndoa zetu zilijengwa juu ya ng'ombe wa mahari, mazungumzo ya koo mbili na ngoma. Lakini msingi ulifanana: waliowazunguka maharusi ndio waliobeba mzigo wa mwanzo wa ndoa. Safari haikuwa sehemu ya jambo hili. Kiini chake kilikuwa jamii kuwapisha watu wawili wajuane.

Historia yetu inao mfano wa wenza walioanza ndoa kwa safari ndefu ya kaskazini, nao unafundisha. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said wa Zanzibar, alitoroka kisiwani mwaka 1866, akaolewa Aden tarehe 30 Mei 1867 na mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete, na muda mfupi baadaye wakasafiri hadi Hamburg. Hapo akawa Emily Ruete. Mwaka 1870 mumewe aligongwa na tramu akafariki, akamwacha na watoto watatu wadogo katika nchi ambayo hakuwa na hata shangazi mmoja wa kumpikia uji. Barua zake, zilizochapishwa baada ya yeye kufariki, zinaeleza upweke huo kwa uchungu mkubwa kuliko kumbukumbu zake maarufu za mwaka 1886. Simtaji ili kuwatisha vijana. Safari yake ilikuwa uhamisho wa maisha, si mapumziko. Namtaja kwa sababu anaonesha kwamba umbali unaweza kuwapa watu wawili faragha, lakini hauwezi kuwapa watu wa kuwashika mkono. Fungate ya zamani ilitoa vyote viwili chini ya paa moja.

Lipo pia suala la haki, ambalo wanaocheka hawaligusi. Pori la Akiba la Maswa linapakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na kila mwaka wanandoa wapya kutoka Ulaya huja upande huo kwa fungate yao. Kwa raia wa nchi nyingi za Ulaya viza yetu ya kawaida ni dola 50, na anaweza kuiomba mtandaoni au kuipata akishatua uwanja wa ndege. Sasa mgeuze msafiri. Mwalimu wa Maswa anayetaka kwenda Norwei na mkewe atalipa ada ya viza ya Schengen, ambayo tangu Juni 2024 ni euro 90 kwa kila mtu mzima, na haitarudishwa akikataliwa. Ataonesha taarifa za benki, mahali atakapolala, na bima ya safari isiyopungua euro 30,000. Juu ya hayo atamshawishi ofisa asiyemfahamu kwamba atarudi nyumbani. Kufuatilia haya hadi Dar es Salaam ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000 kwenda tu. Mapenzi ya wageni yanapokewa kwa maua Seronera, na ya kwetu yanahojiwa dirishani kama kosa linalotarajiwa kutendwa. Kijana anayetaka kuiona theluji hastahili kuaibishwa mara mbili, mara moja na ubalozi na mara nyingine na majirani zake.

Hata hivyo, viza haiko mikononi mwetu, na muda uko mikononi mwetu. Hapo ndipo nataka watumishi wa umma na wanaharakati wanisikilize.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inawataka wanaokusudia kuoana watoe taarifa siku 21 kabla ya kufunga ndoa. Dola, basi, inajua tarehe. Inataka kujua iwapo yupo mwenye pingamizi. Lakini ikishaandikisha ndoa hiyo, haina hata siku moja ya kuwapa maharusi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilipotungwa iliweka likizo ya mwaka ya siku 28, likizo ya uzazi ya siku 84, siku 3 za baba anapopata mtoto, na siku 4 za kuuguza mtoto au kufiwa na jamaa wa karibu. Kuoa na kuolewa hakumo. Anayefunga ndoa Jumamosi na hana likizo ya mwaka iliyoidhinishwa anatakiwa kazini Jumatatu, na mwajiri ndiye mwenye nafasi ya kupanga likizo hiyo ichukuliwe lini. Tumetunga sheria inayotambua kwamba mtu huzaa, huugua na hufiwa, ikasahau kwamba huoa.

Hali ni ngumu zaidi kwa watumishi wa umma. Chukua mfano wa mwalimu aliyepangiwa Maswa na mchumba wake muuguzi aliyepangiwa Mtwara. Wataoana, watapiga picha, kisha kila mmoja atarudi kituoni kwake kuanza safari ya makaratasi iitwayo uhamisho wa kumfuata mwenza. Kwa watu kama hao, fungate ndefu si anasa. Huenda ndicho kipindi pekee cha miezi mingi ambacho watalala chini ya paa moja. Nani kati yetu atawaambia waitumie kupokea wageni sebuleni?

Wakati huohuo sisi wana jamii tunatumia fedha nyingi kwa saa sita za ukumbi. Tunachangishana kwa kadi na kwa makundi ya WhatsApp. Kuna kichen pati, kuna sendofu, kuna mshereheshaji, mapambo na keki ya kila mjomba. Asubuhi yake maharusi wanaamka na deni la ukumbi. Sina ugomvi na sherehe. Msukuma asiyependa ngoma ni nadra. Ugomvi wangu ni na mizani: tunalipia usiku mmoja wa kutazamwa, hatulipii siku saba za kujuana.

Napendekeza mambo matatu. Mosi, Bunge liongeze katika sheria ya ajira likizo ya ndoa ya siku saba yenye malipo, na itolewe kwa kuonesha cheti cha ndoa. Haya si maajabu. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, jirani yetu, inampa mfanyakazi anayeoa siku 2. Moroko siku 4. Hispania na Italia siku 15. Sisi ambao lugha yetu ina neno la siku saba hatuna hata moja. Pili, ombi la mtumishi wa umma la kumfuata mwenza lianze kushughulikiwa pale taarifa ya siku 21 inapotolewa, badala ya kusubiri ndoa izeeke kwa barua. Tatu, kila kamati ya harusi itenge sehemu ya michango kwa ajili ya siku zinazofuata: chakula, nauli, au chumba cha utulivu, iwe Mwanza ziwani au Norwei kwenye theluji kama maharusi wamejaaliwa.

Nitaambiwa kwamba sheria ya ajira haimgusi mkulima, na wakazi wengi wa Simiyu ni wakulima na wafugaji. Ni kweli. Kwa mkulima jibu halitoki bungeni, linatoka kwa ndugu. Harusi nyingi za vijijini kwetu husubiri fedha ya pamba, yaani zinaangukia kipindi ambacho kazi za shamba zimepungua. Ndugu wakikubaliana kuchunga ng'ombe wa bwana harusi kwa juma moja, na mama mkwe akikubali kwamba bibi harusi hatashika mtwangio kabla ya siku ya nane, fungate imerudi bila shilingi ya serikali.

Kwa wanafunzi wangu wanaoota kwenda kaskazini: nendeni mkiweza, na mkirudi mtusimulie. Mwaka 1896 Selim bin Abakari alifika Urusi na Siberia, akaandika kwa Kiswahili yale aliyoyaona, na hakuna aliyepungukiwa Uswahili wake kwa hilo. Lakini msidhani kwamba asiyeweza kulipa nauli ya huko amekosa fungate. Amekoseshwa siku saba, na waliomkosesha ni sisi: watunga sheria, waajiri, ndugu na wanakamati. Hizo tunaweza kumrudishia bila kumwombea viza.