Watoto watatu, samaki watatu, tangi moja

Msomaji wa Mbagala ameniandikia kwamba mumewe amenunua tangi kubwa la samaki kutoka kwa jirani aliyekuwa anahama. Limewekwa sebuleni, na tangu siku hiyo nyumba haina amani. Mtoto mkubwa anataka oska, wa kati anataka gapi wenye mikia ya rangi, na kitinda mimba ameona goldifishi kwenye katuni na haambiliki. Mama ameamua kila mmoja achague wake ili haki itendeke. Anauliza kama yuko sahihi.

Kwa watoto uko sahihi, dada yangu. Kwa samaki, hapana. Oska ni samaki wa Amazon ambaye hufika sentimita 30, na kila kinachoingia mdomoni mwake ni chakula. Gapi wa mwanao wa kati hawatamaliza wiki. Goldifishi naye anapenda maji ya baridi kuliko haya yetu ya Desemba hadi Machi, anachafua maji haraka, na akitunzwa vizuri anaishi zaidi ya miaka 10. Huyo apewe tangi lake mwenyewe, tena si bakuli, au asinunuliwe kabisa.

Watanzania tunalijua somo hili kwa gharama kubwa. Miaka ya 1950 sangara aliingizwa Ziwa Victoria, na kufikia miaka ya 1980 aina nyingi za furu zilikuwa zimetoweka, yeye akiwa mojawapo ya sababu kubwa. Kama ziwa zima halikuwatosha furu kujificha, sebule ya Mbagala itatosha?

Kwa hiyo kabla ya kuuliza samaki yupi ni mzuri, muuliza muuzaji mambo mawili: akikua anafika ukubwa gani, na anatoka maji ya namna gani. Yule mweusi anayenyonya kioo, ambaye wauzaji humsifu kuwa ni mfagiaji, huuzwa akiwa na urefu wa kidole. Aina yake ya kawaida hupita sentimita 30, na kinyesi anachotoa ni kingi kuliko uchafu anaoufagia. Mimi simpendekezi kwa anayeanza.

Kuhusu maji, jaribu sabuni. Maji yakikataa kutoa povu, ni magumu, yana chokaa au madini mengine. Visima vingi vya huku kwetu ni hivyo, na vingine vina chumvi kabisa. Vyenye chumvi viache. Ya bomba yana klorini, hivyo yaweke kwenye ndoo wazi siku nzima, pampu ya hewa ikitoa mapovu ndani yake, ndipo uyatumie.

Sasa nije kwenye pendekezo langu, maana tangi la sentimita 150 kwa 50 kwa 50 ni lita 375, nafasi ambayo wengi wanaitamani. (Hizo ni kilo 375 za maji, karibu magunia manne ya mahindi, kabla hujahesabu kioo na mawe. Meza ya televisheni haiwezi.) Ningewapa watoto ghorofa badala ya samaki mmoja mmoja: mmoja achague wa juu, mmoja wa kwenye mawe, mmoja wa mchangani. Na ningeanzia nyumbani, Ziwa Tanganyika.

Ziwa hilo lina zaidi ya aina 200 za siklidi, karibu zote hazipatikani kwingine duniani, na kwa miongo mingi samaki wa Kigoma wamekuwa wakisafirishwa wakiwa hai kwenda kupamba majumba ya Ulaya na Marekani. Huku kwetu watoto wanawajua samaki wa katuni tu.

Mchangani weka wale wadogo wa kwenye makombe, ambao hawafiki sentimita 5. Kila mmoja huishi ndani ya kombe tupu la konokono, huchimba mchanga kulizunguka, na humfukuza hata samaki mkubwa anayesogea mlangoni. Mtoto wako wa mwisho atamsahau goldifishi. Kwenye mawe weka julidokromisi wawili, wenye mistari, wanaotembea wamejibana na jiwe, hata kichwa chini. Juu weka kundi la siprikromisi, wanane au zaidi, maana hawa hawapendi upweke. Mama hubeba mayai na watoto mdomoni kwa wiki kadhaa, na siku hizo halishiki. Wanaruka, kwa hiyo funika tangi. Kila kundi lina mtaa wake, ndiyo maana ugomvi unapungua, ingawa hauishi.

Usichanganye nao frontosa, hata muuzaji akikuonyesha mdogo mzuri mwenye mistari ya bluu. Hukua hadi sentimita 30 na huwala wenzake usiku wakiwa wamelala.

Maji yao yanatakiwa yawe magumu, na hapa Pwani tuna bahati: jiwe la matumbawe lile la kujengea ni chokaa tupu. Likioshwa na kulowekwa vizuri hadi chumvi itoke, linawafaa sana.

Kama bajeti hairuhusu, chagua gapi, moli na plati. Wanapenda maji magumu na wanapatana. Ila gapi jike huzaa karibu kila mwezi, kwa hiyo nunua madume tu, au mjiandae kugawa. Msiwamwage Msimbazi wala kwenye mfereji wowote, samaki wa kigeni hana kazi huko.

Na tafadhali, wasiingie wote siku moja. Tangi jipya halina bakteria wa kuvunja sumu ya kinyesi, na bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kutosha. Weka wachache, subiri, ongeza. Badilisha robo ya maji kila wiki. Hapa ndipo familia nyingi hushindwa, watoto wanaamka Jumamosi na kukuta samaki wanaelea, na kila mtu anamlaumu dada wa kazi kwamba hakuwalisha. Mara nyingi walilishwa kupita kiasi. Kiasi kinachoisha ndani ya dakika mbili kinatosha.

Umeme ukikatika, chujio linasimama, na maji ya moto hubeba hewa kidogo. Nunueni pampu ndogo ya betri, si ghali. Nyaya zipite chini ya soketi kwanza ndipo zipande, ili tone la maji lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye umeme, na mtoto asitie mkono majini kabla swichi haijazimwa. Ndoo ya samaki nayo iandikwe jina, isije ikafuliwa nguo.