Injinia mpya, anzia kwenye transfoma ya mtaani
Safu ya Bakari Semhando

Kila msimu wa mahafali napokea ujumbe wa vijana waliomaliza uhandisi wa umeme, na wengi huuliza jambo moja: nitaingiaje Bwawa la Nyerere? Siwashangai. Mashine tisa za megawati 235 kila moja, jumla megawati 2,115 kutoka Mto Rufiji, zaidi ya mitambo yote tuliyokuwa nayo kabla yake ikiwekwa pamoja. Nani asingependa jina hilo liwe kwenye wasifu wake?

Ila bwawa likishajengwa halihitaji jeshi. Maelfu waliomwaga zege wameshaondoka, na chumba cha kuongozea mitambo hukaliwa na watu wachache kwa zamu. Kazi nyingi ziko kule umeme unakoelekea: njia za kilovolti 33 na 11, vituo vya kupoza umeme, viwanda, migodi, makandarasi wa umeme vijijini. Huko ndiko ningempeleka mwanangu.

Tuseme kuna transfoma ya kVA 100 juu ya nguzo nyuma ya soko. Kwenye karatasi inatosha. Nenda pale saa mbili usiku na klampu mita: fezi ya kwanza ampea 170, ya pili 90, ya tatu 40. Uwezo wake ni kama ampea 139 kwa kila fezi, kwa hiyo moja inaungua huku nyingine inasinzia. Wa mwisho wa laini wanapata volti 180, friji zinanguruma bila kupoza, na mwenyekiti wa mtaa ameshaandika barua kuomba transfoma mpya. Dawa ni kuwahamishia baadhi ya wateja fezi ya tatu. Ngazi, mafundi wawili, asubuhi moja. Chuoni fezi tatu hulingana katika kila swali la mtihani. Mtaani sijawahi kuziona zikilingana, na kijana aliyeligundua hilo mwenyewe hatalisahau hata akija kusimamia gridi nzima.

Huko pia atakutana na mwalimu ambaye hana shahada. Fundi wa laini aliyezeeka na mkanda wake wa kupandia nguzo hatakuuliza GPA. Atakuuliza: “Injinia, umepima? Athi umeweka?” Laini imezimwa, fyuzi zimetolewa, wewe unaona kazi ianze. Yeye anajua kwamba bondeni kuna mtu mwenye jenereta aliyoiunganisha kienyeji, na akiiwasha, umeme unarudi kinyume kupitia transfoma na kupanda hadi kwenye maelfu ya volti. Msikilize mzee huyo, hata akikuita “mheshimiwa injinia” kwa kejeli kidogo.

Sasa niwageukie wenye kuajiri, maana si haki kuwasema vijana peke yao. Tangazo la kazi linataka “uzoefu wa miaka mitatu” kwa mtu aliyehitimu juzi. Aupate wapi? Jibu tunalo. Mhitimu husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi kama mhandisi mhitimu, kisha hufanya kazi chini ya mhandisi aliyebobea hadi afikie kusajiliwa kuwa mhandisi mtaalamu. Tangu 2003 Bodi ina mpango maalumu wa mafunzo hayo kwa vitendo, wa miaka mitatu, wenye msimamizi na kitabu cha kumbukumbu. (Kijana, hicho kitabu kijaze kila siku na kisainiwe wiki hiyohiyo. Msimamizi akihamishwa kabla ya kusaini, utamfuata mikoani.) Mpango ni mzuri, nafasi ndizo hazitoshi.

Na nafasi zingeweza kutoka kwenye mikataba. Mkataba wa bwawa la Rufiji ulisainiwa Desemba 2018, mashine ya kwanza ikaanza kutoa umeme mwanzoni mwa 2024. Miaka mitano! Mhitimu angeingia siku ya kwanza, akamaliza mafunzo yake yote, na bado mradi ungekuwa unaendelea. Tumezoea kuhesabu ajira za wazawa kwa vichwa, na kibarua wa kubeba nondo huhesabiwa sawa na mhandisi chipukizi. Mkataba useme waziwazi: wahitimu kadhaa, kitabu cha kumbukumbu, msimamizi aliyesajiliwa, posho ya kila mwezi, na faini kama havipo. Wakandarasi watalalamika kuhusu gharama. Kampuni inayomudu kusafirisha transfoma kutoka ng’ambo na kushindwa kumlipia kijana chumba na nauli, mimi nisingeipa zabuni inayofuata.