Umeme ukikatika, mbabula ibaki inje

Ndugu mfanyakazi, nawe mama wa nyumba, nchi yetu haikosi nishati. Ndani ya ziwa Kivu mna gesi nyingi. Upande wa Rwanda, tangu 2016, kiwanda kimoja kinaigeuza kuwa umeme, megawati 26. Lakini katika nyumba zetu umeme ukikatika, tunarudi kwenye makala. Mvua ikinyesha, mbabula inaingizwa chumbani.

Hapo ndipo hatari. Makala hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyoonekana wala kunuka, inayoua watu usingizini. Ukisikia kichwa kuuma na kizunguzungu, tokeni wote inje, mwende hospitali.

Tusingoje gesi ya Kivu. Jenga leo kibanda cha kupikia uani. Bei ya bati mbili ni ndogo kuliko ya jeneza.