Kisichonuka Si Lazima Kiwe Safi

Wako wataalamu wapendao kutuambia kwamba kitu fulani ni rafiki wa mazingira kwa sababu moja tu: hakitoi mvuke wala harufu. Mimi niliyewafundisha walimu kwa miaka mingi nasema huo ni utetezi wa mwanafunzi aliyejibu swali la kwanza, kisha akadai alama za mtihani mzima.

Nachukua mfano wa tando zenye vitundu zitengenezwazo kwa selulosi. Selulosi ndiyo iupayo mti na pamba uimara wake. Mfaransa Anselme Payen aliitenga mwaka 1838. Haiyeyuki katika maji, maana minyororo yake imeshikana kwa vifungo vingi mno vya haidrojeni. Waingereza Cross, Bevan na Beadle walibuni mwaka 1892 njia ya viskosi, itumiayo kaboni disalfaidi, kemikali iliyowaharibu wafanyakazi wengi mishipa ya fahamu na hata akili. Hapo sina ubishi: ilihitajika njia nyingine.

Mwaka 2002 Robin Rogers na wenzake wa Chuo Kikuu cha Alabama, Marekani, walionyesha kuwa selulosi huyeyuka ndani ya vimiminiko vya ioni. Hivi ni chumvi, ila huyeyuka kwa joto lisilofika nyuzi 100 za Selsiasi, ilhali chumvi ya mezani hungoja nyuzi 801. Uji mzito upatikanao hutandazwa juu ya kioo na kutumbukizwa majini. Maji huingia, kimiminiko hutoka, na selulosi huganda ikiacha vitundu. Ukiuanika utando huo hivi hivi, maji yanapokauka huvivuta vitundu vikajifunga. Ndiyo sababu wengine huyaondoa maji kwanza kwa alkoholi, au huugandisha utando na kuukausha katika ombwe. Utando huo waweza kuchuja, na ukitupwa huoza. Ni kazi nzuri, nami naisifu.

Lakini nauliza: maji ya kuoshea yamekwenda wapi? Kimiminiko hakikutoweka, kimo ndani ya maji hayo. Na ile sifa yake ya kutogeuka mvuke ndiyo inayoleta taabu, kwa kuwa ili kukirudisha mara nyingi hubidi maji yenyewe yavukizwe, na kila kilo ya maji hudai kilojuli zipatazo 2,260. Je, yakimwagwa mtoni? Majaribio juu ya samaki na mwani yameonyesha kuwa vimiminiko kadhaa vya jamii ya imidazoliamu ni sumu, na sumu hiyo huzidi kadiri mkia wake wa kaboni unavyorefuka.

Nitajibiwa kwamba kimiminiko chaweza kutumika tena. Naam, chaweza. Lakini "chaweza" si "kimetumika". Tufanye hesabu. Kiwanda kikirudisha asilimia 99 katika kila mzunguko, ambalo ni jambo la kusifiwa, baada ya mizunguko 70 zaidi ya nusu ya kimiminiko cha kwanza itakuwa imekwisha kupotea. Imepotelea wapi, kama si katika maji na udongo wa mtu fulani?

Walimu wenzangu, msiwafundishe vijana kwamba usafi ni sifa ya kimiminiko kilichomo chupani. Ni sifa ya kazi nzima, tangu kuni au umeme wa kuchemshia hadi mfereji wa maji machafu. Anayedai usafi na atuwekee mezani kiasi kilichoingia, kilichorudi na kilichopotea. Asipofanya hivyo, asipewe alama; maana hesabu aliyoikwepa itafanywa na wale wachotao maji chini ya mto, nao hawakuulizwa.