Stoloni si mzizi, mkulima wa viazi ajue

Mkulima anayefukua shina la kiazi mviringo, iwe Mbeya, Njombe au Lushoto, huona nyuzi nene nyeupe zinazotambaa ndani ya tuta. Aghalabu huziita mizizi. Wataalamu wa mimea huziita stoloni, yaani shina tambazi. Wapo wanaodhani kuwa hayo ni maneno ya wasomi, yasiyomhusu mwenye jembe. Sivyo. Katika neno hilo kuna fedha.

Stoloni ni shina kwa sababu ina vifundo na macho. Kwenye stroberi hutambaa juu ya udongo, na kifundo kikigusa ardhi huota mizizi na kuwa mche mpya. Kwenye kiazi mviringo hupita chini ya udongo, na ncha yake huvimba ikawa kiazi. Ndiyo maana kiazi hicho kina macho na hupandwa chenyewe. Kiazi kitamu, kwa upande wake, ni mzizi ulionenepa. Mkulima hupanda marando.

Tofauti hiyo ina gharama shambani. Stoloni ikifichuliwa na mvua ikapata mwanga, huweza kuibuka na kuwa tawi lenye majani badala ya kuzaa kiazi. Kiazi kilichobaki wazi nacho hugeuka kijani, huwa kichungu na hujenga sumu ya solanini. Mnunuzi hukitupa pembeni, na hasara ni ya mkulima. Kinga yake ni kupandishia udongo mimea inapofikia sentimita 15 hadi 25, na kurudia wiki 2 hadi 3 baadaye.

Palizi ya kuchelewa nayo ina madhara. Jembe likipita karibu na shina wakati viazi vimeanza kutunga, hukata stoloni. Anayedhani amekata mzizi hujipa moyo kuwa utaota tena, kumbe amekata kiazi ambacho kingeingia kwenye gunia.

Watakaosema kuwa wazee walilima viazi bila kulijua neno hili wana hoja. Lakini leo kibarua analipwa fedha taslimu, na fedha zikipungua, kazi inayoachwa haraka ni ile ambayo mkulima hajui sababu yake. Kupandishia udongo mara ya pili ni mojawapo.

Kwa hiyo maofisa ugani wasiishie kusema "pandishia udongo". Wang'oe shina moja mbele ya wakulima, waonyeshe stoloni na kiazi kinachoanza kwenye ncha yake. Mkulima wa stroberi naye aelezwe kuwa mmea unaolisha stoloni nyingi hupunguza matunda, hivyo aamue mapema kama anauza matunda au miche.

Anayejua kiazi kinatokea wapi hatasita kulipia kazi ya kukilinda.