Jirani Akisema Anaumwa

Leo mniwie radhi, tuweke pembeni liwa na magauni ya harusi, tuzungumze habari za Masoko, kule Rungwe mkoani Mbeya. Najua wapo watakaouliza inatuhusu nini sisi wa visiwani. Mabibi harusi wetu siku hizi wanaolewa mpaka huko, hilo moja. La pili, maradhi hayakati tiketi ya boti.

Tarehe 17 Februari 2022 Malawi ilitangaza kuwa mtoto wa kike wa miaka mitatu mjini Lilongwe amepooza kwa polio. Mtoto mmoja tu. Lakini Afrika ilikuwa imethibitishwa tangu Agosti 2020 kuwa haina tena virusi vya polio vya asili, na wataalamu walipovichunguza hivi walikuta vina nasaba na vile vya jimbo la Sindh, Pakistan. Vimevuka bahari bila pasipoti.

Sasa tazama ramani. Kutoka Tukuyu barabara inateremka Kyela mpaka Kasumulu, na ukivuka mto Songwe uko Malawi. Wanyakyusa wa huku na Wangonde wa kule ni ndugu: wanaoana, wanazikana, wanauziana. Na ndizi za Rungwe hupakiwa malori mpaka Dar es Salaam, ambako sisi tunashuka botini kila siku.

Majirani hawakuifungia Malawi mlango. Mwisho wa Machi matone ya chanjo yalipita nyumba kwa nyumba kwa watoto wa chini ya miaka mitano katika mikoa minne: Mbeya, Songwe, Njombe na Ruvuma. Mwezi Mei ikawa nchi nzima. Malawi, Msumbiji, Zambia na Zimbabwe nao walichanja, wakisaidiwa na WHO na UNICEF, na kwa jumla walifikiwa watoto zaidi ya milioni 50. Msumbiji walipatikana wagonjwa wanane, kisha basi. Mei 2024 mlipuko ukatangazwa umekwisha, alhamdulillah.

Mimi shukrani yangu ya kwanza naipa Malawi, kwa kusema. Kumbukeni Novemba 2021: Afrika Kusini iliwaambia walimwengu juu ya Omicron, na malipo yake ikawa kuzuiliwa safari. Marekani iliziweka nchi nane katika orodha yake, Malawi ikiwemo. Hata miezi mitatu haijatimia, Malawi hiyohiyo ikasema tena kweli. Nani angeilaumu ingenyamaza? Sisi Watanzania, tusifichane, tulikaa zaidi ya mwaka bila kutangaza takwimu za korona baada ya Aprili 2020. Anayesema ukweli akaadhibiwa, kesho ataficha, na atakayelipa ni mtoto wa jirani.

Januari 2025 Rais Trump alitia saini kuitoa Marekani WHO. Fedha za wakubwa zinakuja na kuondoka. Kilichobaki karibu nasi ni ujirani, na ujirani huu haumalizwi na mawaziri. Unafika mlangoni, na mlangoni yupo mwanamke.

Hapo ndipo penye kazi. Ule uvumi kuwa matone yanawafanya watoto wa kike wasizae umefika kila pembe, na unawatisha zaidi wanawali na mabibi harusi, maana kwao uzazi ndio roho. Si kweli. Lipo Kundi la Ushauri la Kiislamu juu ya polio, wamo wanazuoni wa Al-Azhar na Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu, nao wanawahimiza wazazi wachanje. Nchi mbili ambazo virusi vya asili havijatoka bado ni Pakistan na Afghanistan, za ndugu zetu katika dini. Hilo linaniuma kuliko ninavyoweza kuandika.

Kwa hiyo somo anayemfunda mwali juu ya udi na kanga, aongeze na hili. Bi harusi mgeni ugenini huogopa kuamua peke yake. Mlizungumze na mchumba kabla ya akdi, siku ileile mnayozungumza makazi, kwamba watoto watachanjwa. Maana mhudumu akipiga hodi pale Masoko, mume yuko Tukuyu na mavyaa yuko kwenye migomba, na yeye ana nyumba nyingine za kupitia kabla jua halijachwa.